Je, Wajua? Udongo Usioonja Moto

Je, wajua kwamba katika kina cha pango la Tuc d'Audoubert, katika jimbo la Ariège kusini-magharibi mwa Ufaransa, wamo wanyama wawili wa udongo waliofinyangwa zaidi ya miaka 13,000 iliyopita, ambao hawakupata kuonja moto wa tanuri hata siku moja, na hata leo wapo? Ni baisani, jamaa ya nyati wetu, jike likifuatwa na dume, kila mmoja urefu wake kama sentimita 60, wameegemezwa juu ya jabali. Na ndugu watatu, wana wa Mfaransa aitwaye Henri Bégouën, walipowafikia mwaka 1912, waliwakuta na maumbo yao kamili, ila miilini mwao mna nyufa za ukavu. Nyufa hizo ni darasa la kwanza kwa kila atakaye kufinyanga mapambo ya kutundika kwa udongo unaokauka kwa hewa, maana adui wa sanaa hii tangu zama hizo ni mmoja: maji yatokayo kwa haraka, upande huu kabla ya ule.

Udongo wa mfinyanzi umejengwa kwa chembe bapa, ambazo aghalabu hazifiki sehemu mbili za elfu za milimita, zilizolaliana mithili ya karata. Na baina ya karata na karata pana utando wa maji, ambao ndio unaoziwezesha kuteleza bila ya kuachana. Wahenga waliponena kwamba udongo uwahi ungali maji, walikuwa wamekwisha kuijua hikima hii kwa vidole. Maji yatokapo, karata hukaribiana na kushikamana, na kitu kizima hunywea, pengine sehemu tano hadi kumi kwa mia. Basi kingo zikinywea hali moyo wake ungali umelowa, kila upande huvuta kwake, na hapo ndipo ufa uzaliwapo. Ndiyo sababu udongo wa pakiti uuzwao madukani aghalabu hutiwa gundi na nyuzi laini za karatasi, zifanyazo kazi ile ile ya fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Mwingine hutiwa kaolini, udongo mweupe uliopata jina lake kwa kilima cha Gaoling karibu na Jingdezhen, Uchina, ambao kwetu unapatikana katika vilima vya Pugu, si mbali na Dar es Salaam.

Atakaye kujaribu na atwae bonge la kadiri ya ndimu, alikande hata lilainike, alilaze juu ya karatasi baina ya vijiti viwili vyenye unene wa milimita 5, kisha alisukume kwa mti wa kusukumia chapati mpaka mti upande juu ya vijiti vyote viwili; hapo unene utakuwa sawa kotekote, na kilicho sawa unene hukauka sawa. Mdomo wa bilauri ukibanwa juu yake hutoa duara. Bilauri ikisogezwa kando kidogo na kubanwa tena, duara hugeuka hilali. Tundu la uzi sharti litobolewe sasa kwa mrija wa soda, mbali kidogo na ukingo, kwa kuwa pambo likisha kukauka hupasuka mbele ya msumari. Na liwe pana kuliko uzi, maana nalo hunywea pamoja na mwili. Kidole kilichochovywa majini kipitishwe pembezoni kulainisha makovu.

Kisha pambo lilazwe juu ya chekecheke, kivulini, lipitiwe na hewa juu na chini, na kugeuzwa mara kwa mara kwa siku moja hadi tatu, au zaidi wakati wa masika. Kulijua kama limekauka, liweke shavuni: likiwa baridi, maji yangali yanatoka, kwani maji yageukapo mvuke huchukua joto, na hiyo ndiyo siri ya mtungi kupoza maji ya kunywa. Likikosa ubaridi, lipigwe msasa na kutiwa rangi.

Lakini ukavu wa hewa si ukavu wa moto. Udongo una maji mageni, yakaayo baina ya karata, na una maji mwenyeji, yaliyofungamana na asili ya karata zenyewe. Hewa huwaondoa wageni tu. Mwenyeji hatoki mpaka joto lifikie kadiri ya digrii 500 za Selsiasi au zaidi, na akisha kutoka, chungu hakirudi kuwa tope asilani. Pambo la hewa, hata likipakwa vanishi, huchelewa tu kulainika litiwapo majini. Baisani wa Ariège walisalimika kwa sababu pango liliwahifadhi na mvua, jua na mikono ya watu.

Kwa hiyo, msomaji, tundika hilali yako ndani, mbali na dirisha lielekealo mvua. Na ikiwa ni ya udongo mtupu, ikavunjika kabla ya kutiwa rangi, usiitupe: ipondeponde, iloweke usiku kucha, uifinyange upya.