Sekunde za Kuvuka Sonatubes

Makutano ya Sonatubes, Kigali, yamechukua jina la kiwanda cha mabomba. Hapo ndipo njia ya kutoka Rwandex inapogawanyika, moja ikishika Kicukiro na nyingine Remera na uwanja wa ndege. Pikipiki za abiria hazipumziki. Mzee wa miaka 75 huanza kuvuka pamoja na vijana; wao wakifika ng'ambo, yeye bado yuko katikati, mkono ameuinua kuwaomba madereva subira.

Tuseme barabara ina upana wa mita 16. Anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde huivuka kwa sekunde 13 na ushei. Anayekwenda mita 0.8 anahitaji sekunde 20. Hiyo 0.8 haikuokotwa tu. Katika mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliorekebishwa mwaka 2018, mzee ambaye misuli yake imethibitika kupungua, na mwendo wake hauzidi hapo, huhesabiwa kuwa na sakopenia kali.

Jina sakopenia lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mmarekani Irwin Rosenberg, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Kwetu husemwa tu kwamba mzee "amekwisha". Lakini si kila aliyekwisha anaonekana. Mizani inaweza kusoma kilo 70 mwaka hadi mwaka huku msuli ukiondoka na mafuta yakichukua nafasi yake, mengine yakijipenyeza katikati ya nyama yenyewe kama kwenye mshikaki ulionona.

Chanzo kimojawapo kiko kwenye mishipa ya fahamu. Kila neva inayoshuka kutoka uti wa mgongo huamrisha kundi lake la nyuzi za misuli. Neva ikifa, nyuzi zake hubaki yatima. Nyingine huchukuliwa na neva jirani, nyingine hunyauka. Zinazoumia zaidi ni nyuzi za kasi, zile zinazomwezesha mtu kujishika upesi anapojikwaa. Ndiyo maana nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe, na ndiyo maana vipimo vya leo huanza na nguvu.

Cha kwanza ni mshiko. Mzee hupewa kifaa chenye mpini wa chuma, akakiminya kwa nguvu zake zote, na mshale ukaonyesha kilo. Kwa mwongozo huo wa Ulaya, chini ya kilo 27 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke ni dalili ya hatari. Cha pili hakihitaji kifaa chochote ila kiti kisicho na magurudumu na saa: mikono ikunjwe kifuani, mtu ainuke na kuketi mara tano. Akipita sekunde 15, miguu imeanza kumwangusha. (Anayejaribu nyumbani aegemeze kiti ukutani na awe na mtu karibu.) Kiasi cha nyama chenyewe hupimwa kwa mashine ya mionzi hafifu, ile ile inayopima uzito wa mifupa. Pasipo na mashine, futi ya fundi cherehani huzungushwa kwenye shavu la mguu, ingawa futi haitofautishi msuli na mafuta.

Namba hizo zina kasoro moja. Zimetokana zaidi na miili ya Wazungu. Wataalamu wa Asia waliliona hilo wakaweka mipaka yao: 28 na 18 kwa mshiko, sekunde 12 kwa kiti. Bibi mwembamba wa Kicukiro aliyelima milimani miaka 50 hastahili kuhukumiwa kwa kipimo cha Mjerumani bila kuuliza maswali.

Nchini Rwanda, wajibu wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, humfunga mtu hadi miaka 65. Baada ya hapo jembe linaweza kupumzika. Nyumbani nako heshima hukamilisha kazi: "Kaa, mzee, nitakuletea." Maji yanaletwa, kiti kinaletwa, na mapaja hayana tena la kufanya. Adabu hiyo ni nzuri, ila ina gharama. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hupumzika kwa jumla ya karibu saa 10 kila siku, kama watu wa mijini, lakini mara nyingi kwa kuchuchumaa au kupiga magoti. Watafiti waliopima misuli yao walikuta miguu inafanya kazi zaidi hivyo kuliko kwenye kiti.

Kitanda ni kibaya zaidi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2007, wazee 12 wenye afya walilazwa siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama.

Chakula kina sehemu yake. Mzee wa kilo 60 hushauriwa gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, na glasi ya maziwa hutoa 8 hivi. Maharage na dagaa wa Kivu visaidie. Ila protini bila mzigo haijengi sana. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake wa Boston waliwapa wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutembea na mikongojo.