Wimbo wa Mama Uliozunguka Dunia

Je, mama msomaji, nyimbo tunazowaimbia watoto wetu huenda wapi wakishakua? Wengi wetu hudhani zimesahaulika. Hebu tuangalie wimbo mmoja ambao haukusahaulika.

Sonny Rollins, mpiga saksafoni maarufu wa Marekani, alizaliwa New York mwaka 1930. Wazazi wake walitoka Visiwa vya Virgin, katika Bahari ya Karibi, na asili ya mama yake ni kisiwa cha St. Thomas. Mama huyo alikuwa mbali na kwao, lakini nyimbo za kwao hakuziacha. Alimwimbia mwanawe wimbo wa kienyeji wa visiwani, mwepesi na wa kuchezeka.

Mtoto alikua, akawa mwanamuziki hodari. Lakini ujana wake ulikuwa na miiba. Alinaswa na heroini, akaonja hata jela. Sisi wazazi hatuhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Mwaka 1955 alikwenda hospitali ya Lexington, Kentucky, akatibiwa, akaachana na dawa hizo.

Tarehe 22 Juni 1956 aliingia studio kurekodi sahani iitwayo "Saxophone Colossus". Akiwa na umri wa miaka 25, wimbo aliouweka mwanzo kabisa wa sahani hiyo ulikuwa ule wa mama yake. Aliuita "St. Thomas".

Ukiusikiliza, utasikia kwanza ngoma za Max Roach peke yake. Kisha saksafoni inaingia na ule wimbo wa utotoni, bila madoido. Baadaye Rollins anaanza kubuni yake. Anachukua noti mbili tu, anazirudia, anazigeuza, anaziongeza kidogo kidogo, kama mama anayesokota uzi kutoka pamba kidogo. Leo wanafunzi wa muziki wa jazi katika nchi nyingi hujifunza wimbo huo.

Kwenye sahani, mtunzi ameandikwa Rollins. Wanawake wa visiwani walioutunza wimbo huo kwa midomo yao hawakuandikwa popote.

Akina mama wenzetu, nasi tunazo nyimbo tulizorithi kwa bibi zetu. Tusizionee haya kwa kuwa redio haizipigi, wala tusisingizie sauti mbaya. Jioni ya leo, wakati wa kumwogesha au kumbembeleza mtoto, tumwimbie mmoja, tena tumwambie ulitoka kwa nani. Hatujui siku gani atauhitaji.