Tulinunua Picha, Si Motokari

Mara nyingi mmesoma mashauri juu ya malezi ya watoto, usafi wa nyumba na matumizi mema ya fedha. Leo twataka kuwaeleza hasara yetu wenyewe. Si jambo la kujivunia. Lakini mtu aliyetumbukia shimoni usiku, asipoweka alama mahali pale kukipambazuka, ana sehemu yake katika kuanguka kwa mwenzake. Sisi hatukuweka alama, na mwenzetu alianguka. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tangazo la bei nafuu

Kazi yetu ni ualimu, hapa Lubumbashi. Mama watoto huuza samaki waletwao kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula. Kwa miaka minne tuliweka akiba, dola kumi mwezi huu, ishirini mwezi ule, kwa nia ya kununua motokari iliyokwisha tumika, ile ambayo watu wa mjini huiita okazio. Ingewapeleka watoto shuleni, ingebeba samaki, na siku nyingine ingetuletea faida kidogo kwa kuchukua abiria.

Jioni moja tulikuwa tukitazama matangazo ya biashara katika simu. Pale kila mtu aweza kuandika akiuzacho, awe mwenye duka au mtu asiyejulikana na yeyote, wala hakuna amwulizaye hati. Tukaona Toyota Noah ya rangi ya fedha, safi kana kwamba imetoka kiwandani jana, na usukani upande wa kushoto, kama ipasavyo katika nchi yetu ambamo twaendesha upande wa kulia. Bei yake ilikuwa dola 3,200. Nyingine za namna hiyo, tulizoziona kwa macho mjini, ziliuzwa karibu mara mbili ya bei hiyo.

Tukaandika. Aliyejibu alijitaja kuwa mtawa wa kike. Alisema ya kuwa shirika lake limemwita arudi Ulaya, ya kuwa motokari ile aliitumia katika kazi yake nchini Tanzania, na ya kuwa sasa imewekwa katika ghala la kampuni ya usafirishaji huko Dar es Salaam. Hakutaka faida, alisema. Alitaka tu iende kwa jamaa ya kikristo. Tulisoma maneno hayo mara mbili, na mioyo yetu ikalainika.

Tulipompigia simu hakupokea. Akaandika ya kuwa yumo katika mafungo, na kimya cha mafungo chamkataza kusema, ila kuandika anaruhusiwa. Sisi tuliopita seminari twajua mafungo ni nini. Badala ya kumshuku, tukamheshimu zaidi.

Mpango wake ulikuwa huu: tulipe nusu, yaani dola 1,600, kampuni ingeileta motokari kwa njia ya Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, tungekuwa na siku tano za kuijaribu, na isipotupendeza tungerudishiwa fedha zetu. Tukapelekewa hati yenye mihuri na alama ya kampuni. Siku ya pili yake akaandika ya kuwa yuko mnunuzi mwingine, mtu wa Likasi, na ya kuwa atatuwekea motokari hadi saa sita mchana wa kesho tu.

Akiba yetu ilikuwa dola 1,100. Mama watoto alikuwa mtunza sanduku la kikundi cha akina mama wa sokoni. Aliwaomba mkopo wa dola 500, nao wakamkubalia kwa sababu walimwamini. Usiku ule alituuliza neno moja tu: "Baba watoto, mbona fedha zakwenda kwa jina la mtu, si kwa jina la kampuni?" Tukajibu ya kuwa huyo ni karani wao. Nani alikuwa ametuambia hivyo? Hakuna. Tulijijibia wenyewe.

Asubuhi tukazituma fedha kwa simu, kwa wakala aliye karibu na shule. Baada ya siku nne ikaja barua nyingine: kampuni yataka dola 350 za bima, zitakazorudishwa motokari ikifika. Hatukuwa nazo. Tulipoandika ya kuwa hatuna, tangazo likatoweka, na namba ile ya simu haikuita tena.

Herufi zilizogeuka

Tulimwonyesha picha ile mwanafunzi mmoja wa sekondari, kijana ajuaye sana mambo ya simu. Kwa haya tukamwambia ni habari ya rafiki yetu. Kijana akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama nyuma ya motokari, akasema: "Mwalimu, mbona jina lake limeandikwa kinyume?"

Ilikuwa kweli. Katika neno NOAH herufi H ilitangulia, na N ilitazama upande usio wake. Picha ilikuwa imegeuzwa kama kitu kionekanacho katika kioo. Motokari za namna hii hutengenezwa hasa kwa ajili ya Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto na usukani hukaa kulia. Yule mlaghai aliigeuza picha ili usukani uonekane kushoto, apate kutupendeza sisi Wakongo. Tena Tanzania nako huendesha upande wa kushoto. Tungalifikiri kidogo, tungalijiuliza: mtawa afanyaye kazi Tanzania aliipata wapi motokari yenye usukani kushoto?

Kijana akaitafuta picha ile katika intaneti, akaikuta katika tangazo la zamani la muuzaji wa nchi ya mbali. Kwa hiyo motokari yenyewe ilikuwako duniani, lakini haikuwa ya yule aliyetuuzia. Sisi tulilipa dola 1,600 kwa picha.

Ujanja wa zamani, vazi jipya

Msidhani ya kuwa udanganyifu huu ulizaliwa pamoja na simu. Katika karne ya 19, huko Ufaransa, Vidocq, mhalifu wa zamani aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alieleza jinsi wafungwa walivyowaandikia matajiri barua. Mwandishi alijifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyeikimbia nchi wakati wa mapinduzi, na mali yake, ati, imefichwa mahali njiani. Msomaji akituma fedha kidogo ataonyeshwa mahali pale. Nchini Nigeria ujanja wa kutaka malipo kwanza huitwa "419", kwa namba ya kifungu cha sheria ya jinai kiukatazacho udanganyifu. Huko Marekani, wapelelezi wa FBI wana kituo cha kupokea malalamiko ya intaneti tangu mwaka 2000, nao wamekwisha kuwaonya watu juu ya motokari hasa: muuzaji ni askari apelekwaye mbali, au mtu aliyefiwa, motokari iko mikononi mwa msafirishaji, bei ni ndogo, na fedha zatakiwa upesi.

Tazameni basi: kwa Wamarekani mlaghai huvaa nguo za askari, kwetu alivaa nguo za mtawa. Katika kila nchi huchagua vazi liheshimiwalo na watu wa pale. Kosa si la vazi, wala si la watu walivaao kwa haki. Bali heshima tuliyo nayo kwa vazi isitufumbe macho tusimwulize mvaaji jina lake.

Jambo lililo jipya ni mwendo wa fedha. Zamani barua ilichukua majuma, na mtu alipata nafasi ya kushauriana na nduguze. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012, na leo njia za namna hii ni nyingi. Zimewafaa sana watu wasio na hesabu benki. Lakini fedha huondoka kwa dakika moja, na mpokeaji akisha kuzitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu kupita kiasi.

Tulipofunga midomo

Sasa twafikia sehemu iliyo nzito kwetu. Miezi miwili baada ya hasara ile, mwalimu mwenzetu alitujia nyumbani jioni. Alikuwa amesikia sokoni habari za mkopo. Akauliza: "Mwalimu, ile motokari yenu ya simu imekwisha fika?"

Tungaliweza kusema kweli. Lakini tuliogopa kuchekwa: mwalimu mzima, aliyesoma Kilatini, amedanganywa kama mtoto! Tukajibu: "Bado iko njiani."

Yeye aliondoka na maneno hayo kana kwamba amepewa dhamana. Hakutuambia ya kuwa naye alikuwa akiandikiana na muuzaji, padri mzee, ati, arudiye kwao, mwenye Toyota Probox iliyowekwa katika ghala huko Dar es Salaam. Alituma dola 900. Zilikuwa bei ya kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake.

Tulipopata habari tulikwenda kwake tukamweleza yote, tangu tangazo hadi herufi zile zilizogeuka. Alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Kisha akasema: "Mwalimu, neno moja tu lingetosha." Hakukasirika. Afadhali angalikasirika.

Tulikwenda pamoja polisi, tukachukua maandiko yote, namba za simu na hati za wakala. Sheria ipo: kifungu cha 98 cha sheria ya jinai ya Kongo humwadhibu atwaaye mali ya watu kwa jina la uongo au kwa cheo cha uongo, kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Na mwaka 2023 nchi yetu ilipata sheria kubwa juu ya mambo ya kidijitali. Lakini hata leo fedha zetu hazijapatikana, wala zake.

Mama watoto alitushinda kwa ushujaa. Aliuza cherehani yake, akaanza kurudisha zile dola 500. Nasi tukamalizia kwa mshahara, mwezi kwa mwezi. Siku ya malipo ya kwanza alisimama mbele ya akina mama wote, akawaeleza waziwazi jinsi tulivyodanganywa. Tulimngoja nyumbani kwa hofu. Aliporudi alisema ya kuwa hakuna aliyecheka. Wawili kati yao walitoa simu zao na kuwaonyesha wenzao: nao walikuwa wakizungumza na muuzaji wa namna ile, mmoja juu ya friji, mwingine juu ya motokari. Hawakutuma kitu.

Basi pimeni wenyewe. Kimya chetu kilimpoteza mtu mmoja. Neno lake liliwaokoa wawili.

Mashauri kwa atakaye kununua

Kwanza, msinunue mbuzi ndani ya gunia. Motokari itazamwe kwa macho, mchana, pamoja na fundi mnayemjua. Ikiwa iko mbali nanyi hamna mtu wa kuaminika wa kuitazama huko, iacheni.

Pili, ombeni namba ya chesisi, ile iliyopigwa katika chuma. Katika motokari nyingi za ulimwengu ina herufi na tarakimu 17. Katika zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani huwa fupi zaidi. Ilinganisheni na namba iliyoandikwa katika hati, ile karte roze. Zikihitilafiana kwa herufi moja tu, ondokeni.

Tatu, msitume fedha kwa mtu msiyemwona ili apate "kuwawekea" kitu. Malipo yafanyike motokari ikiwapo, mbele ya mashahidi, na maandiko yatiwe sahihi na pande zote mbili. Muuzaji asemaye hana nafasi ya kusikika sauti yake, hata kwa sababu iliyo takatifu, hana nafasi ya kupokea fedha zenu.

Nne, akiwaharakisha, ngojeni siku tatu. Motokari ya kweli ikiuzwa kwa mwingine, nyingine itapatikana. Katika siku hizo mwambieni mtu mmoja mwenye akili, na mkeo au mumeo akiuliza neno, msimjibu kwa mambo mliyoyabuni wenyewe.

Tano, mkiisha kudanganywa, mwambieni wakala na kampuni ya simu saa ile ile, labda fedha hazijatolewa. Kisha nendeni polisi. Kisha waambieni jirani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Sisi tuliyaficha, na kilio kikasikika katika nyumba ya mwenzetu.

Ninyi vijana wa shule, mnaojua kuikuza picha kwa vidole viwili, waketini karibu wazazi wenu wanapotazama matangazo. Na sisi wazazi na walimu tusione haya kuwauliza. Kijana yule angaliulizwa siku ya kwanza, angalisoma herufi nne, na akiba ya miaka minne ingalikuwa bado sandukuni.