Maabara Ilipohamia Ukumbini

Somo la historia laweza kufundishwa kwa simu na mwanafunzi asipungukiwe na mengi. Lakini mwalimu wa kemia afanyeje, ikiwa bureti na mizani zimefungiwa chuoni na wanafunzi wametawanyika makwao, huyu Lamu, yule Vanga?

Swali hili liliwakabili wahadhiri wa sayansi kote ulimwenguni mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa Korona. Hapa Kenya amri ya kufunga masomo ilitolewa Machi 15. Aprili 8 watu wakazuiwa kutoka wala kuingia Mombasa, Kwale na Kilifi, na Mei 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa.

Wengi walianza kwa njia nyepesi: mwalimu alijipiga filamu akifanya jaribio, kisha akawapa wanafunzi tarakimu wakokotoe. Hayo, kwa maoni yangu, ni kujifunza kuogelea ukiwa umekaa forodhani.

Walimu wa fizikia walikuwa na nafuu. Tangu 2016 Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kilikuwa kimetoa programu ya bure iitwayo phyphox, igeuzayo simu kuwa chombo cha kupimia sauti, mwanga na mwendo. Tuchukue jaribio la mwendo wa sauti. Watu wawili husimama umbali wa mita 5, kila mmoja na simu yake inayohesabu muda kwa kusikia. Wa kwanza hupiga kofi, saa zote mbili zikaanza. Wa pili hupiga lake, zikasimama. Saa ya wa kwanza huizidi ya mwenziwe kwa takriban sehemu 3 katika 100 za sekunde, kwa kuwa sauti imechelewa njiani mara mbili. Gawa mita 10 kwa tofauti hiyo, utapata karibu mita 340 kwa sekunde. Ndugu yeyote aweza kuwa msaidizi, mradi watoto wa jirani wanyamaze!

Kemia ndiyo iliyokuwa na taabu. Mkono wenyewe ndio hujifunza kufunga kilango cha bureti kabla ya tone moja la ziada kuharibu rangi na hesabu. Na nani angempelekea kijana chupa ya asidi nyumbani kwa mamake? Walioahirisha majaribio hayo mpaka milango ilipofunguliwa siwalaumu, maana miongoni mwa wanafunzi hao wamo watakaotupimia dawa.

Programu ya makofi ingali ya bure, na ikishaingia kwenye simu haili bando.