Nguo za Paani na Hewa ya Droni

Mtu asimamaye katika uchochoro wa Kiuu, upande wa Githurai, akauona moshi wa mahindi ya kuchoma ukipanda wima kama uzi, asidhani kwamba hewa yote imetulia. Na ainue macho, azitazame nguo zilizoanikwa juu ya paa la ghorofa ya sita, nazo zikipigana na kamba, ndipo atakapotambua kwamba droni yake, ikishalipita paa hilo, itaingia katika hewa nyingine kabisa.

Sababu yake ni kwamba ardhi na majengo huukwamisha upepo, hata ule wa chini ukawa mnyonge, ilhali ule wa juu hupita huru. Na unapoligonga jengo refu hupinda na kuzunguka nyuma ya ukuta, kama maji nyuma ya jiwe la mtoni, na ni hapo hasa, penye utulivu wa uongo, chombo chepesi hubamizwa ukutani.

Manahodha wa Mombasa, waliokuwa wakingoja pepo za kusi na kaskazi, waliipima safari kwa marejeo yake. Na mwenye droni na apime vivyo hivyo. Tuchukue, mathalani, droni iendayo mita 10 kwa sekunde katika upepo wa mita 6 kwa sekunde: ikifuata upepo, mita 400 huzimaliza kwa sekunde 25, bali kurudi itahitaji sekunde 100, na betri imekwisha kupungua. Kwa hiyo ni heri kuanza kwa kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, ili marejeo yawe mepesi. Tena hapa Kiuu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa yapata sehemu moja katika saba, na mapanga ya droni hayana budi kuzunguka kwa kasi zaidi.

Ama sheria, kanuni za Kenya za mwaka 2020 zimeamuru kwamba droni isajiliwe, isipande zaidi ya futi 400, wala isiwakaribie watu na majengo yasiyohusika kwa chini ya mita 50. Kule Mombasa sehemu kubwa ya kisiwa imo ndani ya kilomita 10 za uwanja wa ndege, ambako pasipo idhini hairuhusiwi kuruka. Huku kwetu kambi ya jeshi ya Kahawa iko jirani, na nyumba zimebanana kiasi kwamba mita 50 hazipatikani ila katika uwanja wa michezo, nako watoto wanaocheza mpira lazima waondolewe kwanza.