Kinshasa Haiandiki Hati Yako ya Bima

Tangu waasi wa M23 waingie mji wa Goma, Kongo, tarehe 27 Januari 2025, karibu kila mfanyabiashara anayekuja kukata bima hapa Gisenyi, upande wa Rwanda, ananiletea swali lilelile. Ana stoo mtaa wa Birere huko Goma, ana gari linalovuka mpaka wa Grande Barrière, na amesikia kwamba kuna bima ya ugaidi. "Serikali ya Kongo kule Kinshasa ilishawatangaza M23 kuwa magaidi tangu Mei 2022," ananiambia. "Basi nikikata bima ya ugaidi, wakiharibu au wakichukua mali yangu nitalipwa, sivyo?"

Sivyo. Na kwa kuwa nimechoka kulijibu swali hili mmoja mmoja, naomba tumalizane nalo leo.

Hati ya bima ni mkataba kati yako na kampuni. Serikali si mhusika. Waziri anaweza kusimama mbele ya kamera akaliita kundi fulani magaidi, waasi au wahuni. Kampuni itafungua hati na kusoma maana iliyoandikwa humo, basi. Kwa kawaida hati inasema ugaidi ni kitendo cha mtu au kikundi kinachotumia nguvu kwa shabaha ya kisiasa, kidini au kiitikadi, ili kuwatia watu hofu au kuishinikiza serikali. Bomu lililotegwa sokoni limo. Shambulio la jengo la maduka la Westgate pale Nairobi, Septemba 2013, limo. Lakini watu wenye mizinga wanaopigana na jeshi la nchi mpaka wakatwaa mji, hao wako kwenye ukurasa mwingine, ule ambao wateja wangu hawaufungui: mambo yasiyolipwa. Humo mmeorodheshwa vita, viwe vimetangazwa au la, uvamizi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, uasi, mapinduzi, na mamlaka yaliyonyakuliwa kwa nguvu. Ukinunua kinga ya ugaidi unapata ugaidi peke yake. Hayo mengine yanabaki palepale yalipokuwa.

Wanaobisha nawapa kesi ya shirika la ndege la Pan Am. Septemba 1970 wapiganaji wa Kipalestina waliteka Boeing 747 ya shirika hilo, wakaipeleka Cairo na kuilipua. Hasara ilikuwa takriban dola milioni 24. Waliouza bima ya kawaida walisema hiyo ni vita, walipe waliouza kinga ya vita, na serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa miongoni mwa hao. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini New York iliwakatalia. Ili tuseme mamlaka yamenyakuliwa, ilisema, lazima watu hao wawe angalau wanatawala mahali kwa vitendo, hata kama hakuna anayewatambua. Watekaji wale hawakuwa serikali ya aina hiyo pale ndege ilipotekwa. Bima ya kawaida ikalipa.

Sasa kipime kipimo hicho kwa Goma. Kuna gavana aliyewekwa na walioutwaa mji. Kuna ushuru unaotozwa, na ukivuka Grande Barrière unajua stakabadhi yako imetoka kwa nani. Kutawala kwa vitendo kunahitaji nini zaidi? Kadiri wanavyokaa, ndivyo hasara yako inavyozidi kuondoka kwenye ugaidi na kuingia kwenye mamlaka yaliyonyakuliwa. Mali wakiichukua, hilo nalo huitwa utaifishaji au unyang'anyi wa mamlaka, na kinga ya ugaidi ya kawaida huutenga pia.

Hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 2002 inaipa serikali sehemu ya mzigo wa hasara za ugaidi, maneno ya mwanasiasa hayatoshi. Mabomu ya mbio za Boston, Aprili 2013, Rais Obama aliyaita kitendo cha ugaidi. Lakini sheria inadai waziri wa fedha athibitishe rasmi, na hakuthibitisha. Ikiwa tamko la rais halikutosha kwao, hilo la Kinshasa litakulipa kwa njia gani?

Wakazi wa Gisenyi wananiletea toleo jingine: "Sisi hatuna vita. Kombora lilitoka ng'ambo." Siku ile M23 walipoingia Goma, makombora na risasi vilivuka mpaka, vikaua watu na kubomoa nyumba hapa wilayani Rubavu. Kifungu kinachotenga vita hakiulizi vita viko nchi gani. Kinauliza kama hasara imesababishwa na vita, moja kwa moja au vinginevyo.

Wakishindwa hapo, husema: serikali italipa. Kwa sheria ipi? Rwanda ina Mfuko Maalumu wa Dhamana uliowekwa kisheria mwaka 2011. Unawalipa walioumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima, na waliodhuriwa na wanyamapori. Nyati akitoka Hifadhi ya Volkano akala viazi vyako, unalo dai. Kombora halimo. Serikali ikikusaidia mabati, ishukuru, lakini huo ni msaada, huwezi kuudai mahakamani.

Nchi zilizotaka kweli kubeba ugaidi ziliweka hazina yao nyuma ya kampuni. Uingereza ilianzisha Pool Re mwaka 1993, baada ya bomu la IRA kuvunja jengo la Baltic Exchange jijini London. Afrika Kusini ina Sasria tangu 1979. Ghasia za Julai 2021 ziliielemea, serikali ikaingiza zaidi ya randi bilioni 20. Hata hizo mbili hazilipi vita. Moto huunguza duka moja na wenye maduka elfu wakachanga. Vita huvunja yote elfu kwa siku moja, hakuna anayebaki wa kuchanga. Ndiyo maana mwaka 1937, Uhispania ikiungua, soko la London lilikubaliana kutouza kinga ya vita kwa mali za nchi kavu. Hapa kwetu hatuna Pool Re wala Sasria.

Nini basi kinawezekana? Haraka haraka. Usiombe "bima ya ugaidi". Omba kinga ya machafuko ya kisiasa, na udai kwa maandishi kwamba uasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe na vita vimo. Ni ghali, na huenda wakakataa. Ukikataliwa umejua ulipo. Stoo ya Goma usiikatie Kigali: sheria ya Kongo ya mwaka 2015 inataka mali iliyoko huko ikatiwe kwa kampuni zenye leseni ya huko. Weka shehena kubwa upande huu, vusha kidogo kidogo. Mzigo unaopitia bandari ya Mombasa: kinga ya vita huishia melini au siku chache baada ya meli kufika, vifungu vya migomo, ambavyo vina ugaidi ndani yake, hufuata lori, ila vita havimo. Kadi ya njano ya COMESA humlipa uliyemgonga na gari, pamoja na matibabu ya waliomo garini mwako, si mzigo wako. Mwenye mkopo mkubwa aiombe benki yake iulize shirika la bima la ATIDI la Nairobi: Rwanda na Kongo zote ni wanachama, na serikali mwanachama ikisababisha hasara ya kisiasa hudaiwa irudishe. Hiyo ndiyo nafasi halisi ya serikali katika biashara hii mpakani kwetu.

Na uje mapema. Kinga ya vita ya mzigo kampuni inaweza kuisitisha kwa notisi ya siku 7, na ukisubiri usikie mizinga ndipo uje kuuliza bei, hakuna atakayekuuzia.