Namba Inayoonekana Kwenye Simu Si Kitambulisho

Mwanzoni mwa Oktoba 2016 polisi wa India waliingia katika majengo kadhaa ya Mira Road, kitongoji cha Thane kilicho karibu na jiji la Mumbai. Ulikuwa usiku, na usiku wa India ndio mchana wa Marekani. Ndani walikuta mamia ya vijana wamekaa safu kwa safu, wakizungumza kwa simu na watu walioko Marekani. Zaidi ya watu 700 walizuiliwa ili wahojiwe, na wapatao 70 wakakamatwa. Kazi yao ilikuwa kujitambulisha kuwa maofisa wa Idara ya Mapato ya Marekani, kumweleza mtu kwamba anadaiwa kodi ya miaka iliyopita, na kumtisha kwamba polisi wako njiani kumkamata asipolipa saa hiyo hiyo. Wahamiaji walitishiwa kurudishwa makwao.

Mwezi huo huo waendesha mashtaka wa Marekani walifungua kesi mjini Houston dhidi ya watu 56 na vituo vitano vya kupigia simu vilivyokuwa India. Julai 2018 watu zaidi ya 20 walipewa vifungo, kirefu kuliko vyote kikiwa cha miaka 20. Kufikia mwaka 2019 wakaguzi wa mambo ya kodi wa nchi hiyo walikuwa wamepokea taarifa za simu kama hizo kutoka kwa watu zaidi ya milioni 2. Waliothibitika kulipa walikuwa zaidi ya 15,000, na jumla ya fedha zilizopotea ilizidi dola milioni 70. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba hata mtu mmoja katika kila 100 waliotoa taarifa hakunasa. Lakini kila aliyenasa alipoteza, kwa wastani, dola zinazokaribia 5,000. Biashara hii basi haihitaji kumdanganya kila mtu. Yatosha simu ziwe rahisi na ziwe nyingi.

Kilichozifanya simu ziwe rahisi ni mabadiliko katika namna sauti inavyosafirishwa. Zamani mazungumzo ya simu yalipita katika waya uliounganishwa kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na mitambo ilikuwa mikononi mwa mashirika machache yaliyoaminiana. Katika Afrika Mashariki, hadi mwaka 1977, lilikuwa shirika moja tu la posta na simu. Siku hizi sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kukatwa vipande vidogo, mara nyingi vipande 50 kwa kila sekunde, ambavyo husafiri katika intaneti sawasawa na barua au picha. Kabla ya vipande hivyo kuondoka, kompyuta ya mpigaji hutanguliza ujumbe mfupi wa kuomba mazungumzo. Ndani ya ujumbe huo mna nafasi ya kuandika namba ya anayepiga, na anayeijaza nafasi hiyo ni upande ule ule unaopiga.

Jambo hili lapasa kufahamika vizuri. Namba inayotokea kwenye kioo cha simu ni kama anwani ya mtumaji iliyoandikwa mgongoni mwa bahasha: posta huifikisha barua bila kuuliza kama anwani hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana mtu wa Texas aliweza kuona namba ya Washington, pengine hata namba halisi ya ofisi ya kodi, hali anayezungumza naye yuko Thane. Tangu 30 Juni 2021 makampuni makubwa ya simu ya Marekani yamelazimika kutia sahihi ya kikompyuta kwenye simu zinazopita katika mitambo yao ya intaneti, ili kampuni inayopokea iweze kupima kama mpigaji anayo haki ya kuitumia namba hiyo. Ni hatua njema, ila sahihi hiyo hushuhudia namba, haishuhudii maneno. Tapeli mwenye namba aliyoipata kihalali hupita bila kizuizi.

Mtu asiyepata kupigiwa simu ya namna hii hudhani kuwa wanaonaswa ni wajinga. Dhana hiyo si ya haki. Matapeli walinunua orodha za majina na maelezo ya watu, hivyo mpigaji aliweza kumwita mlengwa kwa jina kamili. Akili iliyojaa hofu huikazia macho hatari moja na kuacha kuyapima mengine. Anayeambiwa atafungwa jioni hiyo hafikiri sana juu ya utaratibu wa kukadiria kodi. Zaidi ya yote, mpigaji humkataza mlengwa kukata simu. Wengi walibakizwa kwenye simu hadi dukani, huku wakiambiwa wasimweleze mtu yeyote. Sababu yake ni dhahiri: uongo huo hauvumilii dakika kumi za ukimya, wala swali moja la jirani.

Alama ya pili ni njia ya malipo. Waathirika wa Marekani waliagizwa kununua kadi za zawadi, zile za kununulia muziki na bidhaa nyingine, kisha kusoma kwa sauti tarakimu zilizo nyuma ya kadi. Hakuna serikali ikusanyayo kodi kwa kadi za muziki. Tarakimu zikishasomwa, thamani ya kadi huhamishwa mara moja na haimrudii mnunuzi.

Nchini Tanzania utapeli wa simu umevaa mavazi mengine. Wananchi wengi wamewahi kupokea ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayejifanya ofisa wa kodi hutumia hofu ile ile ya mfanyabiashara, na badala ya kadi hutaka fedha zitumwe kwa simu. Lakini malipo halali ya kodi hufanywa kwa kumbukumbu namba, nazo fedha huingia katika akaunti ya serikali. Jina la mtu binafsi likitokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo, hapo pana jawabu tosha. Ofisa wa kweli hana haja na namba ya siri ya mtu, na mlipa kodi asiyekubali makadirio anayo haki ya kisheria kuyapinga kwa maandishi, jambo lisilowezekana kwa anayepewa nusu saa.

Kinga iliyo bora kuliko zote inatokana na mitambo yenyewe. Mpigaji aweza kudai namba yoyote, lakini anayepiga kwenda kwenye namba huachia mtandao utafute njia, nao humfikisha kwa mwenye namba, si kwa aliyeiazima. Hivyo anayeshuku na akate simu, atafute namba ya ofisi ya kodi katika barua au hati aliyopewa na ofisi yenyewe, si ile aliyotajiwa na mpigaji, kisha apige upya. Uingereza iliwahi kuonyesha udhaifu mmoja wa njia hii: simu za mezani za huko zilibaki zimeunganishwa kwa muda iwapo aliyepiga hakukata, na tapeli alimsubiri mlengwa kwenye waya ule ule. Makampuni yaliufupisha muda huo. Mwenye simu ya mezani afadhali atumie simu nyingine.

Aliyekwisha kutuma fedha na aipigie kampuni yake ya simu papo hapo, kwani fedha ambazo bado hazijatolewa kwa wakala huweza kuzuiliwa. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040, na taarifa ikapelekwa polisi pamoja na ujumbe wa muamala, ambao haufai kufutwa.